Stesheni ya kale kugeuzwa kituo cha wageni: wadau, tafadhali msianze na simenti

Mwashi wa Tororo (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ausome jioni akishatulia.

Mimi ni fundi mwashi. Mwiko nimeushika mwaka wa ishirini na tatu sasa, na kazi zangu nyingi ziko kati ya Tororo, Busia na Mbale. Marehemu baba alikuwa kwenye gengi la reli, wale wa kubadilisha mataruma na kukaza bolti juani. Kwetu Kiswahili hakikutoka shuleni. Kilikuja nyumbani pamoja na mshahara wa reli, kwa sababu gengini alikuwemo Mteso, Mjapadhola, Mluhya, Mganda na Mnubi, na anayetoa amri ya kunyanyua reli lazima aeleweke na wote kwa mara moja, la sivyo mtu anakatika vidole.

Mwezi uliopita nimeitwa kwenye stesheni ndogo iliyo kwenye njia ya Tororo kwenda Mbale. Wazee mnaijua njia hiyo, ndiyo iliyofika Soroti mwishoni mwa miaka ya 1920, ikasukumwa hadi Lira na Gulu, na mwaka 1964 ikafika Pakwach kwenye Nile. Stesheni yenyewe ina vyumba vitatu: ofisi ya stesheni masta, chumba cha kungojea na stoo ya mizigo. Nyuma yake kuna nyumba mbili za landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli. Mpango uliopo ni kuyageuza majengo yote kuwa kituo cha wageni, yaani maonyesho ya historia ya reli na pamba, mahali pa kunywa kahawa, vyoo vizuri, na meza ya kumwelekeza mgeni anayekwenda maporomoko ya Sipi au anayetaka kupanda Mwamba wa Tororo.

Mpango nimeufurahia kwa moyo wote. Ila siku ya kwanza nimekuta mifuko sitini ya simenti imeshashushwa stoo, na vijana wawili wenye nyundo wanabandua lipu ya zamani. Nikawaomba wasimame. Wamesimama mpaka leo, na ninaandika hapa kwa sababu najua humu kuna watu wenye miradi ya aina hii: vinu vya pamba vilivyoachwa, nyumba za misheni, ofisi za gombolola, maduka ya Wahindi yaliyofungwa tangu 1972.

Sisemi haya kwa kusikia. Zamani nilikuwa kibarua wa kampuni moja iliyopewa kukarabati nyumba ya kale ya misheni, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa chokaa. Tulipewa wiki sita. Tulibandua lipu yote ya chokaa, tukapiga simenti, tukapaka rangi ya mafuta, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, maana niliona ukuta umenyooka na unang'aa.

Baada ya masika mawili nilipita pale kwa shughuli nyingine. Ukuta ulikuwa umevimba chini kama mtu mwenye jino bovu. Juu ya rangi kulikuwa na ungaunga mweupe, ukilamba ni chumvi. Nilibandua kipande cha lipu kwa mkono, kikatoka kizima, kigumu, kama sahani. Nyuma yake tofali lilikuwa limegeuka unga. Niliingiza kidole, kikazama hadi kifundo cha pili. Nyumba ile ilikuwa imesimama kabla baba yangu hajazaliwa, nasi tulikuwa tumeanza kuiua kwa wiki sita.

Sababu yake ni hii. Nyumba hizi za kale hazina karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kila msimu, na kazi ya chokaa ni kuyaachia yatoke nje yakakauke kwa upepo. Ukuta unavuta na kutoa. Ukiuvisha simenti, maji yanaingia kutoka chini lakini hayapati pa kutokea. Yanakaa, yanayeyusha chumvi iliyomo ndani ya tofali, na kiangazi kikija ile chumvi inaganda nyuma ya lipu na kulisukuma tofali mpaka limumunyuke. Jambo la pili ni ugumu. Tofali letu la kuchoma kwa kuni ni laini. Ukuta unapocheza kidogo kwa joto na baridi, chokaa inacheza nao. Simenti haichezi, kwa hiyo kinachopasuka ni tofali. Chokaa iliyochakaa unaipiga tena, lakini tofali lililotengenezwa 1929 huendi kulinunua dukani.

Kabla hujaagiza chochote, fanya hivi: chukua kikombe cha maji, nyunyiza ukutani. Maji yakinyweka mara moja na pakabaki doa jeusi linalofifia polepole, ukuta bado unapumua. Yakiteleza mpaka chini kama juu ya jani la yugwa, jua mtu ameshaupaka rangi ya mafuta au simenti, na kazi yako ya kwanza ni kuvua, tena kwa patasi ndogo na subira.

Chokaa tunayo hapahapa Uganda, na hili linaniuma kwa sababu watu husema ni kitu cha Ulaya. Kule Muhokya, Kasese, wanachoma mawe ya chokaa mpaka leo. Huku kwetu Tororo miamba ya chokaa ndiyo iliyoleta kiwanda cha simenti miaka ya 1950. Jiwe linachomwa kwenye moto wa nyuzi 900 hivi, linabaki jepesi na jeupe. Ukilizima kwa maji linachemka. Tunachimba shimo, tunalizungushia mbao, tunajaza maji kwanza, halafu tunatia mawe kidogokidogo. Chokaa iingie kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa, na vaa miwani, kwa sababu tone moja likiruka jichoni unaweza kupofuka. Linanguruma, linatoa mvuke, linapasuka kama mahindi ya kukaanga, halafu linatulia na kuwa kitu laini kama siagi. Unalifunika kwa maji, unaliacha miezi. Kadiri linavyokaa ndivyo linavyokuwa tamu kwa mwiko.

Kuchanganya: ndoo moja ya chokaa, tatu za mchanga wa mto uliochekechwa, wenye chembe kali, si ule laini wa mviringo. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, usizidi unene wa kidole. Uache ushike siku kadhaa, unyunyizie, ufunike kwa magunia mabichi ili jua lisiukaushe mbio. Chokaa haikauki tu kama tope. Inavuta hewa ukaa kutoka nje na kurudi kuwa jiwe polepole, kwa hiyo ukiiharakisha inabaki unga. Mwishoni unapaka maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mikono mitano au sita. Mkono wa kwanza utadhani hujapaka kitu. Asubuhi unakuta ukuta umeng'aa wenyewe.

Ila hata chokaa haisaidii kama maji ya mvua hayajapatiwa njia. Kwenye stesheni yetu tulichimba pembeni mwa ukuta wa nyuma tukidhani msingi umezama. Haukuzama. Udongo ndio uliopanda, miaka na miaka ya majani, vumbi na takataka, karibu futi moja na nusu, ukafunika vidirisha vya hewa ambavyo mafundi wa reli waliviacha chini ya sakafu. Tulipovifungua vinne, hewa ya uvundo ilitoka humo mpaka vijana wakarudi nyuma. Siku ya nne mbao za sakafu zikaanza kulia, zinakauka! Ni mvule ule wa zamani, mchwa ameugusa kingo tu akauacha. Kazi hiyo ilitugharimu majembe mawili na siku tatu za vibarua, na imelisaidia jengo kuliko mifuko ile sitini.

Paa nitapita haraka. Vigae vikiwepo, vishushwe kimoja kimoja na kuhesabiwa, vizima virudi upande wa mbele, vya kujazia viende nyuma. Popo wafungiwe njia usiku wakiwa wametoka, wala msifagie kinyesi chao kikavu bila barakoa. Na kama dari au paa ni ya asbestosi, msiipasue wala kuitoboa. Itisheni wenye ujuzi wa kuitoa.

Sasa hayo ya kisasa. Mgeni wa leo anataka choo safi, umeme, intaneti, na mwenye kiti cha magurudumu aweze kuingia. Yote ni haki yake. Ombi langu ni moja: vitu vizito vya kisasa vijengwe pembeni, kwenye jengo jipya dogo lisiloiga la kale. Choo, jiko, matanki na betri za sola vikae huko. Ndani ya stesheni nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba, msichimbe matofali. Njia ya kiti cha magurudumu iwe ya mbao au chuma, iegeshwe, ili siku moja iweze kuondolewa bila kuacha kovu. Dirisha la tikiti lenye nondo liachwe lilivyo. Kizingiti chake kimelika katikati kwa viwiko vya watu walioegemea kununua tikiti. Kwenye mchoro niliouona, dirisha hilo limewekewa marumaru. Nimeomba libaki.

Kuna mwenzetu aliyewahi kufanya kazi ya chokaa Uganda? Na mwenye mradi wa namna hii, mlianzia wapi?

---

Dada wa Ramani

Shikamoo fundi. Mimi nachora majengo, niko Kampala, na nimesoma uzi wako mara mbili.

Nakubaliana nawe karibu kote, ila nikupe upande wa ofisini. Mfadhili anatoa pesa za mwaka mmoja wa fedha. Chokaa inataka ikae shimoni miezi, halafu wiki kati ya mkono na mkono. Nikiandika hivyo kwenye ratiba, naulizwa kwa nini fundi mwingine amesema wiki sita. Tena anayelipa anataka picha za kabla na baada. Ukuta wa chokaa uliotengenezwa vizuri kwenye picha unaonekana kama haujaguswa.

Wewe huwa unawaambia nini?

---

Mwashi wa Tororo

Marahaba dada. Nawapeleka kwenye ile nyumba ya misheni. Kweli kabisa. Nimewapeleka watu watatu kwa nyakati tofauti, nikawaambia waingize kidole. Hakuna aliyetoka pale akaniuliza tena habari za wiki sita.

Kuhusu muda, shimo la chokaa liwe kitu cha kwanza kabisa kwenye mradi, kabla hata ya michoro kukamilika. Wakati ninyi mnatafuta vibali, chokaa inaiva. Tukimaliza udongo, mifereji na paa, yenyewe iko tayari. Na simenti siikatai kila mahali. Jengo jipya la vyoo lijengwe kwa simenti, ndiyo kazi yake.

---

Kamuli Ndani

Wakuu, mnaozungumzia reli msisahau Namasagali. Reli ya Busoga ilitoka Jinja ikafika pale mwaka 1912, abiria na pamba wanashuka, wanapanda meli kuelekea Ziwa Kyoga na Masindi Port. Miaka ya mwanzo ya 1960 maji yalipanda, bandari ikafa, reli ikang'olewa. Majengo ya reli yakageuzwa shule, Chuo cha Namasagali, kilichovuma nchi nzima.

Ninachotaka kusema: majengo yale yameponea kwenye mikono ya wanafunzi. Wamekanyaga, wamechora kuta, wamevunja vioo, lakini palikuwa na mtu wa kuziba tundu la bati mvua ikianza. Bohari zilizobaki bila mtu zimekwisha. Kwa hiyo mimi huogopa zaidi kituo cha wageni kinachofunguliwa Jumamosi mbili kwa mwezi kuliko hata simenti ya fundi. Nendeni Jinja mkaone stesheni ya zamani ilivyofanywa makumbusho ya reli. Pale barabara iko karibu na wageni wa Nile wapo. Stesheni ya kijijini itapata nani Jumanne saa nne asubuhi?

---

Msafiri wa Gulu

Hoja nzuri. Mimi niongeze la Patiko. Ngome ile, ambayo Mwingereza Samuel Baker aliitumia mwaka 1872 kupigana na biashara ya watumwa, imebaki mawe tu juu ya miamba, haina paa. Kila mara anatokea mtu wa kusema ijengwe upya ipendeze. Nawasihi, isijengwe. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa shule ya msingi pale, wakakaa juu ya mwamba kimya kabisa, watoto arobaini, hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mawe yanatosha. Kibanda cha mapokezi na choo viwekwe chini mbali, njia ya miguu isafishwe, mtu wa hapo Patiko alipwe kusimulia.

---

Dada wa Ramani

@Kamuli Ndani umenigusa. Hata Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, ni hivyo. Ilipoungua tarehe 16 Machi 2010 watu walidhani ndiyo mwisho. Kilichoirudisha si pesa peke yake, ni kwamba ukoo wa Ngeye bado walikuwa na kazi yao ya kuezeka, na zile pete 52 za ndani, moja kwa kila ukoo wa Buganda, kulikuwa na watu wanaojua zinafungwaje. Mwaka 2023 UNESCO waliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kama ujuzi wa kuezeka ungekuwa umekufa kabla ya moto, leo pale tungekuwa na bati lililopakwa rangi ya majani.

Ndiyo maana nauliza, fundi: una vijana wangapi wanaojua kuzima chokaa?

---

Mwashi wa Tororo

Wawili. Na mmoja anataka kuondoka kwenda kuendesha boda.

---

Nubi wa Bombo

Asalaam aleikum. Mimi ni Mnubi, babu yangu alikuwa askari, baadaye akawa mlinzi wa reli. Nina swali dogo kuhusu hayo maonyesho. Maandishi ya ukutani yatakuwa lugha gani? Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kila makumbusho niliyoingia nimesoma Kiingereza tu. Reli hii iliendeshwa kwa Kiswahili. Amri za gengi, nyimbo za kunyanyua reli, matusi ya kupokezana mizigo, yote Kiswahili. Kuweka historia ya reli bila lugha ya reli ni kumwalika bwana harusi bila kumpa kiti.

Wazee waliofanya kazi hiyo wamebaki wachache sana. Wanunue kinasa sauti mapema, kabla ya marumaru.

---

Mwashi wa Tororo

Waaleikum salaam mzee wangu. Umesema jambo ambalo nimelala nalo usiku mzima. Baba alikuwa na wimbo wa kunyanyua reli, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia wakati chuma kinapanda. Mimi nakumbuka kiitikio tu. Mwanzo wake sinao. Nimepata mzee mmoja wa landi aliyekuwa gengi jirani, nitakwenda kwake Jumapili na simu yenye chaji. Na pendekezo la lugha nimeshalifikisha: Kidhopadhola, Kiteso, Kigisu, Kiswahili na Kiingereza.

---

Mkaa Landi

Nimesoma yote, mmeandika vizuri kuhusu matofali. Sasa mimi nimezaliwa ndani ya hizo nyumba za landi, si hapo kwenu, stesheni nyingine. Mama yangu anaishi humo hadi leo. Kila wakija watu wa urithi wanapima dirisha, wanapiga picha mlango, hakuna anayeuliza sisi tutalala wapi. Kwenye nyumba mbili za landi za huo mradi, mna watu ndani au hamna?

---

Mwashi wa Tororo

Ndugu, wamo. Familia mbili. Na ninakiri sikuandika habari zao kwenye uzi, nikaandika za mvule na za popo. Umenisahihisha.

Niwaeleze hali ilivyo. Nyumba moja ina mzee na wajukuu, nyingine ina mama anayeuza chai na mandazi kwenye jukwaa la stesheni, chini ya kile kipaa, miaka kumi na moja sasa. Kwenye mchoro, pale anapokaa pameandikwa sehemu ya kahawa. Nilimwonyesha karatasi. Akaniuliza, "Na hiyo kahawa ataipika nani?" Swali hilo nimelipeleka mkutanoni mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na watu wa mradi. Nilisema kama kuna mtu ambaye tayari analifungua jengo hili saa kumi na mbili asubuhi kila siku, analifagia, anajua bati gani linavuja, basi mtunzaji wa kituo mnaye, hamhitaji kutangaza kazi. Hapo ndipo pia lilipo jibu la Kamuli Ndani kuhusu Jumanne saa nne. Wanakijiji wanakunywa chai Jumanne.

Walichokubali mpaka sasa kwa maandishi: mama wa chai abaki jukwaani, na jiko lake lijengwe kwenye jengo jipya. Ambacho hawajakubali: familia zibaki kwenye landi. Mimi nimependekeza nyumba moja iwe ya maonyesho, na ya pili itengenezwe iendelee kukaliwa, kwa sababu nyumba ya landi inayotoa moshi wa jikoni inamweleza mgeni mengi kuliko yenye mishumaa ya mapambo. Mzee bado hajapata jibu. Mkutano mwingine ni mwisho wa mwezi.

---

Dada wa Ramani

Fundi, kabla ya mkutano huo hakikisha stesheni imeombewa kuandikwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya 2023, ile iliyochukua nafasi ya sheria ya 1967. Na hao wakazi waombe majina yao yaingie kwenye nyaraka za mradi. Nitumie mchoro kwa ujumbe wa faragha. Nitauchora upya, nyumba ya pili ikiwa na watu ndani, sitaki malipo. Watu wa vikao wanabishana na maneno, lakini mchoro wakiuona mezani wanauangalia.

---

Mkaa Landi

Asanteni. Nitamsomea mama hii jioni.

---

Mwashi wa Tororo

Dada, mchoro nimekutumia. Mungu akubariki.

Taarifa fupi kwa wanaofuatilia: simenti mifuko arobaini imerudishwa dukani, ishirini imebaki kwa ajili ya vyoo. Mawe ya chokaa yameagizwa, lori linategemewa Alhamisi. Shimo limechimbwa nyuma ya stoo ya mizigo, futi sita kwa nne, kina futi tatu, limeshazungushiwa mbao. Ijumaa saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda, tunazima. Kijana yeyote wa Tororo, Busia au Mbale anayetaka kujifunza aje, asilipe kitu. Avae mikono mirefu na viatu vya kufunika, miwani ninayo sita. Chai ipo jukwaani.